Dawa za kibofu kisicho na subira: maswali tunayoulizwa dirishani

Ninafanya kazi kwenye dirisha la famasi moja hapa Kampala, upande ambao Kiswahili kinasikika kutwa nzima: Wakongo, Wasomali, madereva wanaotoka Busia na Malaba, akina mama wa Kinubi kutoka Bombo, askari wastaafu. Anayekuja kwa ajili ya malaria husema kwa sauti. Anayekuja kwa ajili ya mkojo husubiri kwanza foleni iishe. Maswali yake huulizwa kwa kunong'ona, na nusu ya majibu humpita kwa sababu anawaza nani amesimama nyuma yake. Ndiyo maana nimeyaandika, uyasome nyumbani kwa nafasi. Hayachukui nafasi ya daktari anayekujua, ila yatakusaidia kujua umwulize nini.

Tunazungumzia dawa zipi hasa?

Za kibofu ambacho misuli yake hujikaza kabla hakijajaa. Mtu anabanwa ghafla, anakwenda haja ndogo zaidi ya mara nane kwa siku, usiku anaamka na kuamka tena, na wakati mwingine mkojo unamponyoka hata hajafika mlangoni.

Dawa zake ziko makundi mawili. La kwanza huzuia asetilikolini, kemikali inayoiamuru misuli ya kibofu ijikaze. Humo mna oksibutinini, tolterodini, solifenasini, darifenasini, fesoterodini na trospiamu. Oksibutinini ndiyo mkongwe wao, iliidhinishwa Marekani mwaka 1975. Kundi la pili ni mirabegroni, iliyoidhinishwa huko mwaka 2012, na mdogo wake vibegroni. Hizi hulegeza kibofu kwa kupitia mlango mwingine kabisa.

Lijue kundi lako, kwa kuwa maonyo yake si mamoja. Kundi la kwanza nitaliita "dawa za kukausha". Asetilikolini haifanyi kazi kwenye kibofu peke yake. Ipo kwenye mate, jasho, utumbo, macho na ubongo. Ukiizuia kibofuni, kwingine kote nako kunakauka au kunapunguza mwendo.

Kwa nini mnataka kuona dawa zangu zote, hata za mafua?

Hili ndilo swali ninalolipenda, ingawa huulizwa kwa hasira.

Mama mmoja wa makamo alikuja na karatasi ya solifenasini. Nikamwuliza kama kuna dawa nyingine anazotumia, akasema hakuna, ila ya presha tu. Nikamwomba aniletee siku ya pili chochote anachomeza pale nyumbani. Akaja na kavera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, akaimwaga juu ya kaunta. Amlodipini ya presha, sawa. Bahasha ya kaki imeandikwa kwa kalamu "1 usiku": amitriptilini, aliyopewa kwa ajili ya miguu kuwaka moto. Piriton, ambayo humeza kila pua ikimwasha, na pua yake huwasha karibu kila siku. Buscopan ya tumbo. Chupa ya dawa ya kikohozi ya kumpa usingizi. Kwake yeye, dawa ilikuwa moja. Nyingine zote zilikuwa "vitu vya kutuliza".

Sasa tazama. Amitriptilini inakausha. Piriton, yaani klorofeniramini, inakausha. Buscopan, yaani hayosini, inakausha. Dawa nyingi za kikohozi zinazoleta usingizi zina difenihidramini au promethazini, nazo zinakausha. Mama huyu alikuwa na dawa nne za kukausha kabla ya ile ya kibofu kuingia, na alikuwa akilalamika choo kigumu na kusahausahau. Kuongeza ya tano juu yake kungekuwa kumwagia maji mtu aliyekwisha lowa. Tuliirudisha karatasi kwa daktari wake, na kazi ikaanza kwa kupunguza.

Dawa moja ya kukausha, kwa kipimo chake, watu wengi huivumilia. Ubaya huja zikirundikana, na zinarundikana kwa urahisi kwa sababu kila moja imetoka duka tofauti kwa sababu tofauti. Kwenye orodha hiyo ongeza klorpromazini, na benzheksoli wanayopewa wanaotumia haloperidoli. Hizi mbili usiziache kwa uamuzi wako. Mwambie tu daktari wa kibofu kwamba unazo.

Kwa hiyo leta kavera nzima. Na chupa za mitishamba pia, hata kama hazina jina.

Ninatumia ARV, dawa za virusi vya Ukimwi. Kuna shida?

Inategemea ARV zipi. Wengi hapa Uganda sasa wako kwenye kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hicho hakigombani na dawa za kibofu kwa namna ya kukutia hofu.

Walio kwenye mstari wa pili, yaani waliobadilishiwa baada ya dawa za kwanza kushindwa, wenye atazanaviri au lopinaviri pamoja na ritonaviri, wanahitaji uangalifu. Ritonaviri hufunga kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingi. Kikifungwa, solifenasini uliyomeza leo inaikuta ya jana bado ipo, na kidonge kidogo kinafanya kazi ya kikubwa. Kwa mtu wa namna hii solifenasini haizidi miligramu 5 kwa siku, tolterodini haizidi 2 kwa siku nzima, fesoterodini haizidi 4. Trospiamu haipiti njia hiyo ya ini. Yenyewe hutegemea figo.

Najua kwa nini watu hawasemi. Ila huhitaji kusema neno. Tuonyeshe kopo tu, tutasoma wenyewe.

Na dawa za kifua kikuu?

Ni kinyume chake. Rifampisini huliamsha ini livunje dawa haraka, na dawa ya kibofu inaweza kuonekana kama maji matupu. Usijiongezee vidonge. Siku rifampisini itakapokwisha, ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida taratibu, na kile kipimo ulichojiongezea kinageuka kuwa kikubwa mno. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa wakati huo ni rangi ya rifampisini yenyewe, si kibofu kuoza kama alivyoniambia kijana mmoja akiwa amejiandaa kufa.

Nimepimwa malaria wakati niko kwenye dozi ya kibofu. Nisubiri?

Hapana. Malaria haisubiriwi. Meza dozi zako zote sita za Coartem kwa siku tatu, pamoja na chakula.

Unachopaswa kufanya ni kumwambia musawo, yaani daktari au mhudumu anayekutibu, jina la dawa yako ya kibofu. Lumefantrini iliyomo kwenye Coartem inaweza kugusa umeme wa moyo, na kwinini ndiyo zaidi. Solifenasini na tolterodini nazo zina tabia hiyo kidogo. Kwa moyo mzima hili mara nyingi halionekani. Lakini kama umewahi kuambiwa mdundo wako si sawa, kama kwenu kuna mtu aliyeanguka na kufa ghafla angali kijana, au kama umetapika na kuharisha mpaka madini ya mwili yameshuka, daktari anaweza kukusimamishia ya kibofu kwa siku hizo. Kibofu kitakusumbua siku tatu, basi.

Vipi dawa za vidonda vya tumbo na fangasi?

Ile dozi ya bakteria wa vidonda vya tumbo mara nyingi huwa na klarithromisini, nayo hufunga kimeng'enya kilekile kinachofungwa na ritonaviri. Erithromisini hufanya hivyo pia, na vidonge vya ketokonazoli na itrakonazoli. Krimu ya kupaka haina neno. Juisi ya balungi nayo ina tabia hiyo, chungwa halina.

Nina presha. Daktari amesema mirabegroni haikaushi, kwa hiyo ni salama kwangu?

Ni kweli haikaushi kama zile nyingine, na kwa wazee wengi ndiyo afadhali. Lakini mirabegroni inaweza kupandisha presha. Presha isiyodhibitiwa iliyofika 180 juu au 110 chini, dawa hii haitolewi. Walio chini ya hapo hupimwa kabla ya kuanza na baadaye mara kwa mara. Hapa mtaani kupima presha si kazi kubwa, basi pima, andika kwenye daftari, na usije na jibu la "huwa iko sawa".

Mirabegroni nayo ina kimeng'enya chake inachokipunguza kasi, tofauti na kile cha ritonaviri. Kwa sababu hiyo metoprololi huongezeka mwilini, na moyo unaweza kwenda polepole mno. Amitriptilini iangaliwe vilevile, na dawa za mdundo wa moyo kama flekainidi na propafenoni. Digoksini huanzishwa kwa kipimo cha chini kabisa.

Halafu tazama dawa ya presha yenyewe. Ukimeza furosemidi, ambayo wengi wanaijua kama Lasix, saa kumi na mbili jioni, utaamka usiku kucha na kosa si la kibofu. Mara nyingi kuihamishia asubuhi kunatosha. Uliza kabla ya kuhamisha.

Mama yangu ana miaka 78. Tangu aanze oksibutinini anaongea mambo yasiyoeleweka jioni. Ni uzee?

Usiseme uzee mpaka dawa imetoka kwenye mashaka. Oksibutinini huingia kwenye ubongo kwa urahisi, na ubongo wa mzee hauna akiba ya asetilikolini ya kuchezea. Anaweza kuchanganyikiwa, kuona watu wasiokuwepo, kuyumba na kuanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa sababu ya kukimbilia choo gizani akiwa na usingizi wa dawa, maisha ya nyumba nzima yanabadilika.

Piga simu kwa aliyeandika dawa leo, si kliniki ijayo. Mara nyingi ataisimamisha au kuibadilisha. Trospiamu huingia kidogo zaidi kwenye ubongo, na mirabegroni haina njia hiyo. Tafiti zimehusisha matumizi ya miaka mingi ya dawa kali za kukausha kwa wazee na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hazijathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini zinatosha kutufanya tuulize kila miezi michache kama bado inahitajika. Na kama mama yuko tayari kwenye donepezili ya kumbukumbu, dawa mbili hizi zinavutana kamba: moja inaongeza kile ambacho nyingine inazuia.

Mzee ana tezi dume. Anaweza kutumia?

Anaweza, lakini si kwa kukisia. Tezi iliyovimba huziba njia. Kibofu kikilegezwa, mkojo unaweza kukwama kabisa. Apimwe kwanza ni kiasi gani kinachobaki kibofuni baada ya kukojoa. Ultrasaundi inatosha. Aliyewahi kuwekewa mpira wa kutolea mkojo kwa sababu mkojo ulikwama asianze bila daktari kujua. Dawa za pua zenye sudoefedrini nazo zinaweza kumkwamisha.

Nina presha ya macho.

Glakoma ni ya aina mbili. Ya pembe nyembamba isiyotibiwa na dawa za kukausha haviendi pamoja. Ile ya kawaida, pembe ikiwa wazi, mara nyingi inaruhusiwa, ila daktari wa macho ndiye wa kusema yako ni ipi. Jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, ukaona pete za rangi kuzunguka taa, acha dawa na uende hospitali saa hiyohiyo.

Ninafanya kazi juani. Jasho limepungua, ni vizuri?

Si vizuri. Jasho ndilo linalopoza mwili. Dawa za kukausha hulizuia, na aliye Moroto au Arua mwezi wa Januari, au anayepakua mzigo Malaba saa saba mchana, anaweza kupata kiharusi cha joto. Dalili zake ni ngozi kavu yenye moto, kichwa kuuma, maneno kuvurugika. Pumzika kivulini, kunywa maji, lowesha nguo. Anayeanza kuvurugika haishii kivulini, anapelekwa hospitali.

Tuna mfano wa karibu wa jinsi kukauka kunavyoweza kufika mbali. Mwaka 2019 kule Karamoja watu waliugua, na baadhi wakafa, baada ya kula unga wa msaada uliokuwa umechafuliwa na atropini na skopolamini, sumu za mbegu za mmea wa mnanaha. Walichanganyikiwa na kuhangaika. Sumu hizo huzuia asetilikolini kama dawa zetu za kibofu. Tofauti ni kipimo. Mtoto aliyemeza vidonge vya bibi yake hufika na sura hiyohiyo: moto, mwekundu, mboni pana, anapapasa hewani. Viweke juu, mbali na mikono midogo.

Ramadhani je? Na udhu?

Dawa ya mara moja kwa siku inaingia vizuri kwenye futari au daku; chagua mojawapo na ushikilie hiyo mwezi mzima. Oksibutinini ya mara tatu kwa siku haiingii, kwa hiyo njoo Shaabani tupange na daktari wako, usingoje mwezi uandame. Kinywa kikavu cha dawa juu ya kiu ya saumu ni adha, na maji yanywewe kidogo kidogo kutoka magharibi hadi daku badala ya jagi zima mara moja.

Kuhusu udhu unaokatika kwa mkojo kuponyoka, mwulize sheikh wako. Fikihi ina mlango mzima wa watu wenye udhuru huo. Nimewaona watu wakimeza dozi mbili kabla ya swala ya Ijumaa. Tafadhali usifanye hivyo.

Pombe, mairungi (miraa), kahawa?

Waragi juu ya dawa za kukausha huongeza usingizi na kuyumba, na pombe yenyewe inajaza kibofu. Mairungi hupandisha presha na mapigo ya moyo, ndiyo hayafai pamoja na mirabegroni. Hukaza pia mlango wa kibofu, mkojo ukatoka kwa kusuasua. Madereva husema yanawasaidia "kushika mkojo", na wanaliona hilo kuwa faida. Kahawa na chai nzito huchokoza kibofu. Sijasema uache chai. Nasema ile ya saa tatu usiku.

Usipunguze maji kupita kiasi. Mkojo uliokolea unachokoza kibofu kuliko mwepesi, na choo kikishakuwa kigumu kinakandamiza kibofu kutoka nyuma.

Naweza kuvunja au kusaga kidonge?

Mirabegroni, tolterodini ya mara moja kwa siku na nyingine zinazoachia dawa polepole, usivunje wala kutafuna. Ukisaga, dawa ya siku nzima inaingia kwa mpigo. Solifenasini nayo humezwa nzima. Trospiamu humezwa tumbo tupu, saa moja kabla ya kula. Kama unatumia pia vidonge vigumu vya potasiamu, sema. Utumbo uliopunguza mwendo huviacha vikae mahali pamoja na kuchoma.

Ukisahau dozi, acha ipite. Usilipe deni kwa vidonge viwili.

Figo, ini, mimba, kunyonyesha?

Figo zikidhoofika sana, solifenasini haizidi miligramu 5 na mirabegroni haizidi 25. Ini lenye ugonjwa wa kati ni hivyohivyo. Mjamzito na anayenyonyesha aseme kabla ya chochote. Kwa wengi kibofu husubiri kwa usalama.

Wiki mbili zimepita, sioni tofauti. Niongeze?

Ni mapema. Hupimwa baada ya wiki nne hadi nane, na nyingine hufika wiki kumi na mbili ndipo zionyeshe nguvu zake zote. Wakati huohuo zoesha kibofu: ukibanwa, simama, kaza misuli ya chini kama unayezuia upepo, hesabu pumzi kumi, ndipo uende. Wapo wanaopewa solifenasini na mirabegroni pamoja, lakini hilo daktari hulipanga.

Na kama dawa haifanyi kitu kabisa, huenda ugonjwa si huo. Sukari nyingi hukojoza, na baadhi ya dawa za sukari, dapagliflozini kwa mfano, hukojoza kwa makusudi. Mkojo unaochoma ni wa kupimwa maambukizi. Wenye damu usifunikwe na dawa hizi. Kichocho na uvimbe hutafutwa kwanza. Mama aliyejifungua kwa shida na mkojo ukawa unatiririka bila kukoma, usiku na mchana, pengine ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hakuna kidonge cha fistula. Hutibiwa kwa upasuaji, unafanyika hapa hapa nchini, na kila mwezi anaotumia kununua dawa za kibofu ni mwezi aliopotezewa.

Nikimbilie hospitali lini?

Mkojo ukikataa kutoka na tumbo la chini limejaa na kuuma. Midomo, ulimi au uso ukivimba. Ukizimia, au moyo ukienda mbio bila sababu. Kuchanganyikiwa kwa ghafla. Tumbo kujaa, kutapika, choo na upepo vikigoma. Chukua na boksi la dawa.

Nitajuaje dawa niliyouziwa ni halali?

Nunua penye kibali cha mwaka huu cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, kilichobandikwa ukutani. Vidonge vilivyotolewa kwenye boksi lake na kutiwa bahasha tupu, bila jina, bila tarehe ya kuisha, virudishe. Dawa ikikudhuru, mwambie mfamasia ajaze fomu ya NDA. Fomu ipo, na haikugharimu shilingi.

Naona haya kusema haya yote dirishani watu wakiwa wamejaa.

Andika "kibofu" kwenye kipande cha karatasi, kitie ndani ya kavera ya dawa zako, unisukumie chini ya kioo. Nitakuambia upite mlango wa pembeni, kuna kiti.